Umekuja ama Umerudi

Alhamisi, saa kumi ilipokaribia, Kui alifunika kompyuta ya mapokezi kwa karatasi ya nailoni, akaisogeza simu hadi mwisho wa meza, akaita kuelekea vyumba vya ndani.

"Eve! Leta beseni. Watu wenu washafika na mvua iko karibu."

Everlyn alitoka na mabeseni mawili, moja likiwa na ufa uliozibwa kwa kipande cha sabuni. Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne, Mtaa wa Muindi Mbingu, mkabala na wauza maua wa City Market, na kila alasiri harufu ya maua yaliyolala ilipanda hadi dirishani. Kwenye benchi la wageni walikuwa wameketi marehemu watano kutoka Lusheya, mikono magotini, wakimngoja dereva Oloo awapeleke Muthangari. Wa kwanza upande wa mlango alikuwa Joash, babake Everlyn, aliyeaga dunia Everlyn akiwa darasa la sita.

"Habari ya safari, baba?"

"Njema tu. Mmeshinda aje?"

"Tumeshinda vizuri."

Lusheya ni msitu wa mvua, magharibi kabisa ya nchi, na huko mvua hunyesha kila alasiri. Watu wake wakisafiri, mvua yao huwafuata. Ilipotimu saa kumi dari lilianza kudondosha, kwanza tone hapa na tone pale, kisha mvua yenyewe, juu ya benchi tu. Marehemu hawakusogea. Tarishi mmoja aliyekuwa akingoja kutiliwa sahihi alirudi nyuma kidogo asilowe, akaendelea kungoja. Kwenye zulia chini ya benchi palikuwa pameota uyoga, na mfagiaji alikuwa amezoea kuuzunguka.

Ukutani, juu ya vichwa vyao, palikuwa pameandikwa kwa rangi ya kijani: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Shirika liliitwa Karibu Msituni. Liliwapokea vijana wa Ulaya na Marekani, wenye mioyo mizuri na viatu vizito, waliojitolea kuja kuishi na jamii asilia ya msitu na kuisaidia kuendesha utalii wake. Walichimba njia za watalii, wakapaka mabanda rangi, wakajifunza jinsi watu wanavyoweza kukaa na miti bila kugombana nayo. Ofisini waliitwa mavolantia, na kazi ya Everlyn ilikuwa kuwapokea, kuwalaza na kuwasafirisha. Mgeni alikuwa anakuja kweli, kila mwezi. Mwenyeji ndiye aliyekuwa bado hajapona.

Inafaa kuelezwa jinsi marehemu walivyoipata kazi hii, maana hawakuiomba.

Mwaka wa 2003, asubuhi ya siku ya soko, watu wa Lusheya walitolewa msituni. Walikuja wanaume wenye bunduki na mitungi ya petroli, nyumba zikachomwa moja baada ya nyingine, na wenyeji wakaambiwa kwamba msitu sasa unahifadhiwa kwa ajili ya dunia nzima. Dunia nzima yenyewe haikuonekana siku hiyo. Watu wengine walibanana kwa jamaa, wengine wakapiga maturubai kando ya barabara, na Everlyn, aliyekuwa Nairobi tayari na mshahara wake, alimchukua mamake Selpher akamleta Kinoo. Mpango wa utalii wa jamii haukufukuzwa. Mavolantia walikuwa wamekwisha kukata tiketi.

Sasa, Lusheya hapaingiwi kama dukani. Ukifika kwenye mti wa kwanza unasimama, unataja jina lako na la mzazi wako kwa sauti. Aliye ndani hukuuliza: Umekuja ama umerudi? Mwenye kwao hujibu, Nimerudi, akapita bila neno lingine. Mgeni hujibu, Nimekuja, naye huulizwa swali la pili: Utakaa siku ngapi? Swali hilo mwana wa nyumbani haulizwi kamwe, hata kama alipotea mpaka mvi zikamtoka. Kumwuliza ni kumfukuza. Na asiyeitikiwa haingii. Hukaa pale pale mtini, na aibu ya kumwacha mgeni mtini ni ya msitu mzima, hata watoto huionea haya.

Selpher ndiye aliyemweleza mkurugenzi desturi hiyo, zamani, nyumba yake ikingali nyumba, akimmiminia chai. Mkurugenzi, Bwana Wahome, aliipenda hadi akaitia kwenye kijitabu cha picha kinachotumwa ng'ambo. Ndiyo maana kundi la kwanza lililofika baada ya moto lilishuka garini, likasimama mtini, likaita. Msichana mmoja kutoka Denmark alitaja jina lake na la babake. Kimya. Akarudia, uso umeanza kumbadilika. Oloo, aliyejua kwamba mle ndani hamna mtu, alikuwa akitafuta namna ya kusema gari limepata hitilafu.

Wafu wa Lusheya walisikia yote. Walikuwa palepale walipozikwa, kwa kuwa petroli haikufika chini. Waliangaliana. Kumwacha mgeni mtini hakuwezekani, hata kama hukumwalika, hata kama hujui amefuata nini. Joash akainuka, akajipangusa udongo, akauliza, "Umekuja ama umerudi?"

Hilo ndilo lililokuwa kosa lao, nalo ni kosa la watu wenye adabu.

Wahome hakuwa mtu mbaya. Alikaa Karen, kwenye nyumba yenye mbwa wawili na mke mpenda waridi, na kila Krismasi alimpa kila mfanyakazi kuku aliye hai. Habari ya wafu ilipomfikia alisema Mungu ni mwema. Alikuwa amekosa usingizi wiki nzima akiwaza atawaambia nini wafadhili waliouliza kama jamii bado ipo. Sasa ilikuwepo. Tena ilikuwa jamii ya kupendeza: haikukata miti, haikuchoma makaa, haikufuga mbuzi, haikuongezeka ovyo. Wakuu wa misitu walipoulizwa walijibu kwamba agizo linawakataza wenyeji kuishi msituni, na halisemi lolote kuhusu wasioishi. Kwa waliokuwa hai sheria ilibaki vilevile. Mgeni aliruhusiwa wiki kadhaa, kwa kibali. Mwenyeji aliyeingia akisema amerudi alikamatwa.

Basi marehemu wakawa wenyeji wa mpango. Kila kundi jipya lilipotua Nairobi waliitwa kuja kulipokea kwenye nyumba ya mafunzo huko Muthangari, nyumba ya zamani yenye bustani iliyozungukwa na ua wa miiba wa kayaba. Walipitia ofisini mjini kwanza wapewe fulana mpya za kijani, kwa maana fulana huoza upesi kwenye ule unyevu.

Jioni hiyo, mavolantia wakiwa ndani wanaonyeshwa jinsi ya kutundika chandarua, Everlyn alimkuta babake bustanini, amesimama chini ya mjakaranda kama mtu aliyefika mapema harusini.

"Baba, si uwaambie?"

"Niwaambie nini?"

"Vile mlichomewa. Hawa watoto hawajui kitu. Wanadhani mambo iko sawa, ati mko tu huko na msitu wenu."

"Kwani hatuko?"

"Baba."

Joash alitazama mikono yake. Alikuwa amekufa akiwa na umri wa miaka arobaini, na Everlyn sasa alikuwa karibu kumfikia. "Mgeni haelezwi shida ya boma kabla hajala chakula cha boma," akasema. "Unajua hivyo. Na sisi moto wetu haupiki tena. Wanakuja na vyakula vyao kwa pakiti."

"Basi waambie hivyo hivyo, kabla wale."

"Wewe ulilelewa na nani?" akauliza Joash, na kwa kweli alitaka kujua.

Everlyn aliona uchungu. Angeweza kuwaambia mwenyewe, na aliwahi kujaribu, na mavolantia walimsikiliza kwa heshima. Kisha walikwenda Lusheya, wakaita mtini, wakaitikiwa, wakakaribishwa na watu wenye mashavu yao na meno yao. Waliporudi walimtazama kwa huruma kidogo, kama mtu aliyewahi kugombana na ukoo wake.

Kinoo walikaa kwenye ploti ya mawe juu ya Waiyaki Way, chumba kimoja na nusu, ghorofa ya tatu. Nusu ile ilikuwa ya Selpher. Magharibi, gari za kutoka mjini zinapoanza kujaa barabarani, marehemu walipenda kupita hapo kumjulia hali kabla ya kurejea msituni. Wangeci, mwenye ploti, alipopanda ngazi mara ya kwanza akamkuta Joash kwenye stuli, alimsalimia kwa mkono, akauliza kama mgeni huyo anatumia maji. Aliposikia kwamba wafu hawaogi wala hawafui, akasema hana ubaya nao, na kwamba laiti wapangaji wote wangekuwa hivyo. Siku walipowahi kufika na mvua yao, alipanga mapipa yake yote kwenye ngazi, na tangu hapo akawa anawaletea chai ambayo hawakuinywa.

Selpher hakufurahia sana kutazamwa. Alijifunga kitambaa hadi kwenye nyusi kuficha mvi, kwa sababu mumewe alikuwa kijana.

"Umezeeka vizuri," Joash alimwambia.

"Nyamaza. Niambie mugumo wetu."

"Uko. Nyani wamerudi kwake."

"Na watoto?"

"Wako. Wamelala."

Selpher alikuwa amezaa watoto wanne Lusheya, na watatu walikuwa huko chini, chini ya ule mti wa mugumo. Kila walipopita aliuliza juu yao, na kila mara akajibiwa vivyo hivyo, na hata hivyo usiku Everlyn alimsikia akigeuka kitandani. Alikuwa hajazoea Kinoo. Alisema ardhi ya hapa ni ngumu, haikujui hata ukiikanyaga kila siku. Hamu yake ilikuwa moja, na aliisema waziwazi, akichambua sukuma wiki.

"Mwambie huyo Wahome mimi nataka kurudi. Sitaki mshahara. Anipe ile kazi ya kukaribisha. Si nilimkaribisha yeye?"

Everlyn alimwambia. Wahome alivua miwani, akaifuta, na alionekana kuguswa kweli.

"Mama yako tunamheshimu sana, Everlyn. Ningekuwa na uwezo hata kesho angeenda. Shida ni moja tu. Yuko hai."

"Sasa tufanye nini?"

"Hiyo ni policy, si mimi. Lakini ngoja." Uso ulimchangamka. "Anaweza kuenda kama volantia. Wiki mbili, hata tatu. Nitamwekea tent nzuri, ya kusimama ndani."

Selpher alipoletewa jibu hilo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa, halafu machozi hayakukoma ingawa kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Nisimame kwa ule mti nimwambie Joash nimekuja? Aniulize nitakaa siku ngapi? Mbele ya watoto wangu?" Aliokota jani lililoanguka, akalitia kwenye sufuria. "Hapana. Basi wacha nife."

Alisema hivyo kama mtu anayesema wacha niende posho mill kusaga mahindi kabla hawajafunga.

"Mama, wacha hizo."

"Si hasira. Ni njia iko."

Everlyn hakuacha jambo lipite hivihivi. Alimpeleka zahanati ya Kangemi, na daktari akampima Selpher presha, akamsifu, akasema anaweza kuishi hata miaka ishirini zaidi. Selpher alimshukuru. Everlyn akaenda kwa mchungaji, na mchungaji akaja na wazee wawili wa kanisa wakaomba sana, na Selpher akaomba nao, akitaja kila mtu kwa jina. Usiku Everlyn akamsihi mwenyewe, akilia waziwazi, akisema yeye je, atabaki na nani. Selpher alimshika kichwa.

"Wewe utakuja huko kwetu. Utaita, na mimi nitaitika. Mimi ndiye nitakuitikia, mtoto wangu. Hutakaa kwa mti."

Wiki iliyofuata alirudisha chujio la Wangeci, akafua blanketi, akampa mke wa mchungaji kitabu chake cha nyimbo kwa sababu alizijua zote kwa moyo. Jumapili alikwenda ibadani, akaimba sauti ya pili, akarudi, akaketi kwenye stuli karibu na dirisha linalotazama magharibi, akafa. Chakula kilikuwa hakijapoa.

Watu wa Everlyn hawazikwi ugenini. Mtu hurudishwa kwao, hata kama jeneza litafungwa juu ya gari safari nzima. Kwa hiyo Everlyn aliomba kibali cha kumzika mamake chini ya mugumo. Wakuu wa misitu walimjibu kwa upole kwamba mama yake ni mtu wa nje hadi azikwe ndani, na hawezi kuzikwa ndani kwa kuwa ni mtu wa nje. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda, lakini kibali huulizwa. Selpher alizikwa Lang'ata, siku ya vumbi, akina mama wa Kinoo wakiimba vizuri, na pembeni kidogo ya kaburi Joash alisimama na fulana yake ya kijani akingoja wamalize. Watu walipotawanyika alimsaidia mkewe kutoka. Walielekea magharibi kwa miguu, yeye mbele akimwonyesha njia, mama nyuma akitembea haraka kuliko alivyowahi kutembea Nairobi. Hakugeuka. Everlyn alisimama akiwatazama hadi Oloo alipopiga honi.

Alitarajia mamake angekuja jioni kama wengine. Alitandika stuli mkeka, akabakisha chakula kwenye sufuria bila kukifunika, kama ilivyo desturi. Hakuja mtu. Hata Joash aliacha kupita, na ukifikiria haikuwa ajabu, maana sasa alikuwa na mkewe nyumbani. Everlyn akawa anarudi kazini, anawasha taa, anaketi akisikiliza Waiyaki Way hadi usingizi umchukue akiwa amevaa viatu. Katika ukuta wa ile nusu ya chumba kulikuwa na alama ya unyevu mahali marehemu walipokuwa wakiegemea. Ilianza kukauka. Akawa anailowesha kwa kitambaa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, bila kujiuliza kwa nini. Wangeci alisikitika naye, na pia alisikitikia mapipa yake.

Mwezi wa Julai, watalii wakiwa wengi, Kui alimwita mapokezini.

"Eve, sijui kama nikuambie. Wameongeza fulana moja ya wenyeji. Large."

Joash alikuwa benchini, mvua ikimtiririka usoni.

"Mama yako ndiye anajibu sasa," alisema. "Sauti yangu ilikuwa imeisha. Yeye anasikika mpaka barabarani. Wageni wanampenda."

"Mbona haji Kinoo?"

"Nani ataacha mti bila mtu, na wageni ni wengi hivyo?"

"Ameuliza juu yangu?"

Joash alitazama beseni likijaa. "Kule hatuulizi juu ya walio mbali," akasema. "Tunangoja waite."

Siku hiyo hiyo Everlyn alibisha mlango wa Wahome, akasema anataka kwenda Lusheya. Wahome aliufunga mlango. Alimkumbusha, kwa sauti ya mtu anayejali, kwamba mwenyeji aliye hai hawezi kwenda, na kwamba akikamatwa hata yeye hataweza kumtetea, na hatakanyaga huko tena.

"Nataka kuenda kama volantia."

"Volantia?" Wahome aliketi, akatabasamu taratibu. "Volantia Mkenya! Hatujawahi kuwa na mmoja. Wafadhili watapenda hiyo sana."

Everlyn alifuata utaratibu wote kama wengine. Alidungwa sindano, akanunua viatu vizito Mtaa wa Tom Mboya, na Ijumaa akalala Muthangari kitanda cha juu, chini ya chandarua alichokuwa amekitundika mwenyewe miezi mingi iliyopita. Kijana mmoja wa Kanada alimweleza kwa moyo mkunjufu jinsi watu wa Lusheya walivyo wakarimu. Everlyn alimshukuru. Alikuwa ameamua jibu lake. Alijua kabisa kwamba mtu hawezi kumwambia mamake mzazi amekuja. Angesema amerudi, na liwe liwalo.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kufanya mazoezi ya kuita. Joash alibaki msituni kumshikia mkewe zamu, na Selpher akaletwa na Oloo moja kwa moja hadi nyuma ya ua wa kayaba, ambao ndio uliosimama badala ya msitu. Mavolantia walipanga mstari kwenye nyasi. Karibu na meza ya chai aliketi bwana mmoja wa misitu, mwenye sare ya kijani, aliyetumwa kuhakikisha kwamba kila aliye kwenye mstari ni mgeni. Alikuwa anakula sambusa na alionekana mtu mpole. Wahome alieleza tena, kwa ajili ya wote, kwamba jibu sahihi ni Nimekuja, na kwamba atakayejibu vingine, hata kwa utani, hatapanda gari Jumatatu wala siku nyingine.

Alasiri ilikuwa imewadia. Muthangari yote ilikuwa kavu, lakini nyuma ya ua mvua ilianza, ikasikika ikigonga majani, na harufu ya udongo wa Lusheya ikaja hadi kwenye mstari. Everlyn aliivuta hadi kifua kikamwuma. Msichana aliyekuwa mbele yake aliita, akaulizwa, akajibu. Sauti ya kule nyuma ilikuwa ya Selpher kabisa, ile ya kuimba sauti ya pili, ila ilikuwa imepata nguvu, imepona kikohozi cha Kinoo.

Ikafika zamu yake. Alisimama mbele ya ua.

"Mimi ni Everlyn, mtoto wa Joash."

Mvua tu ilisikika. Kupitia miiba aliona kipande cha fulana ya kijani, na mkono mmoja, ule wenye kovu la kisu cha mboga, umeshika tawi. Kitambaa cha kichwani kilikuwa hakipo. Mvi zilikuwa nje, zimelowa, hazifichwi tena.

"Umekuja ama umerudi?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Everlyn aliona bwana wa misitu ameacha kutafuna. Aliona Wahome anamtia moyo kwa kichwa. Akaona pia, kwa mara ya kwanza, jinsi lingekwenda: angelisema, lingekuwa kweli, lingesikika hadi barabarani, na ule mkono uliokuwa juu ya tawi asingeuona tena hadi siku ya kufa kwake. Na Mungu ndiye ajuaye ingekuwa lini, na angezikwa wapi.

"Nimekuja," akasema.

Tawi lilitikisika. Nyuma ya ua kukawa kimya kirefu, hata mavolantia wakaanza kutazamana, na Wahome akaangalia saa. Mtu anayejibu mtini ana maneno yake, hayaongezwi wala hayapunguzwi, na Selpher hakuwahi katika maisha yake kumwacha mgeni amesimama.

"Utakaa siku ngapi?"

Everlyn aliutazama ule mkono.

"Wiki mbili, mama."

Kila mtu humwita mama mwanamke wa umri ule, kwa hiyo hakuna aliyegundua kitu.

"Basi pita, mgeni," ilisema sauti.

Watu wakapiga makofi. Wahome alisema hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa utulivu, bila haraka, akamwita kijana wa Kanada. Everlyn alikwenda kusimama upande wa waliokwisha kupita, na bwana wa misitu akamsogezea sahani ya sambusa.